Tulichemsha, Bado Tukaugua

Muuguzi wa zahanati aliponiuliza kama nyumbani tunachemsha maji ya kunywa, nilijibu kwa kiburi kidogo. Tunachemsha, nikasema, tena tangu nilipoolewa. Kila jioni ugali ukishaepuliwa, sufuria kubwa la lita 10 hupanda jikoni na halishuki mpaka maji yatokote. Alinisikiliza huku akimtazama mwanangu wa pili aliyelala mapajani mwangu, midomo imekauka, macho yamezama, siku ya tatu ya kuharisha. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Mkishachemsha, mnayachotaje?"

Nikaanza kueleza. Yakipoa tunamimina kwenye ndoo ya bluu yenye mfuniko. Juu ya mfuniko kuna kikombe cha plastiki. Mwenye kiu anafunua, anachota, anakunywa, anarudisha kikombe juu ya mfuniko. Nilipofika hapo nikanyamaza mwenyewe. Nyumba yetu ina watu saba. Watoto wa jirani wakitoka kucheza mpira hupitia mlangoni, "Shikamoo mama, naomba maji," nami huwaambia waingie wachote. Kikombe kimoja, mikono kumi na zaidi, na kila mkono unazamisha vidole viwili ndani ya maji niliyoyachomea gesi nusu saa.

Muuguzi hakunigombeza. Aliandika dawa, akanielekeza pakiti za chumvichumvi, akasema tu, "Dada, moto unaua waliomo. Wanaokuja baadaye hauwajui."

Nimeandika makala haya kwa sababu ya sentensi hiyo. Ushauri mwingi kuhusu maji ya kunywa huanza jikoni na kuishia jikoni: chemsha, chuja, tia dawa. Nyumba nyingi zinafanya hayo, na bado zinaugua, kwa kuwa maji huharibika tena kati ya sufuria na mdomo. Kwa hiyo mimi nitaanza na chombo, halafu ndipo turudi kwenye moto.

Chukua dumu lako la kuchotea maji, lile la lita 20. Fungua kifuniko, sogeza pua, vuta pumzi. Likinuka kama kitambaa kilicholowana siku mbili, huhitaji maabara. Sasa ingiza kidole kwa ndani ya shingo upapase: ule utelezi unaousikia ni utando wa vijidudu vilivyojijengea makazi, na ukilimulika dumu juani utaona umeanza kuwa wa kijani. Dumu ambalo kutwa hujazwa na kumwagwa bila kuoshwa ndani hufika hapo upesi, hasa likikaa juani. Mkono hauingii, na brashi ya kawaida haipiti, ndiyo maana wengi huliosha nje tu likang'aa. Dawa yake ni ile ya zamani: tia ndani vikombe viwili vya kokoto ndogo au mchanga mkavu wa mtoni uliosafishwa, maji kidogo na sabuni ya unga, funga, kisha litikise kwa nguvu huku ukiligeuza pande zote. Mwaga, suuza mara tatu. Mara moja kwa wiki inatosha. Na dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya mimea halioshwi likawa la maji ya kunywa, hata kama muuzaji wa madumu ameapa.

Halafu tenganisha. Dumu la kuchotea lisiwe ndilo la kuhifadhia maji yaliyokwisha kutibiwa. Bibi yangu mzaa mama, kule Pangani, hakusoma darasa hata moja, lakini nyumbani kwake mitungi ilikuwa miwili, wa kunywa na wa matumizi. Wa kunywa uliwekwa kwenye kona yenye kivuli juu ya kigoda cha mbao, umefunikwa kwa kawa. Ukutani palitundikwa kata, kifuu cha nazi chenye mpini mrefu, mdomo ukiangalia chini. Ukitaka maji unashika kata kwa mpini, unachota, unamimina kwenye kikombe, unairudisha ukutani. Kunywa kwa kata yenyewe lilikuwa kosa la kuchapwa. Sisi tuliona ni makuu ya wazee. Leo wataalamu wa afya wakieleza namna bora ya kuchota maji kwenye chombo chenye mdomo mpana, wanaeleza kata ya bibi yangu: mpini mrefu, chombo cha kuchotea kisiguswe na midomo, na kisilazwe mezani.

Kama huna mtungi, ndoo yenye koki ni bora zaidi, na huenda unayo tayari. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila mlango wa duka na kila geti lilikuwa na ndoo ya maji tiririka. Nyingi sasa zimelala stoo zimejaa misumari. Itoe, ioshe, uangalie kama haijapasuka. Ukitoboa mpya, tundu la koki likae vidole viwili au vitatu juu ya kitako, ili tope lolote likizama libaki chini lisitoke na maji. Weka mpira pande zote mbili, ndani na nje, kabla ya kukaza nati. Iweke juu ya stuli, kiasi cha mtoto wa miaka minne kuweza kukinga kikombe bila kupanda juu ya kitu. Kama mtoto hafikii koki, atafunua mfuniko, na tutakuwa tumerudi tulikotoka.

Sasa maji yenyewe.

Kabla ya kuua vijidudu, yaangalie. Maji yenye matope huwa makaidi kwa dawa na kwa jua, kwa kuwa vijidudu hujificha nyuma ya chembe za udongo, na udongo wenyewe hula dawa kabla haijawafikia. Yaache yatulie usiku kucha, umimine taratibu yale ya juu, uyachuje kwa kanga. Kanga kuukuu inashinda mpya, maana ikishafuliwa mara nyingi nyuzi zake hujikunja na matundu hubana. Ikunje mara nne au zaidi. Msidharau jambo hili. Huko Bangladesh, watafiti waliokuwa na mwanasayansi Rita Colwell waliwafundisha kina mama wa vijijini kuchuja maji ya madimbwi kwa sari kuukuu zilizokunjwa hivyo hivyo, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 wagonjwa wa kipindupindu walipungua kwa karibu nusu. Sababu yake ni kwamba bakteria wa kipindupindu hupenda kujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini, ambavyo kitambaa kinaweza kuvinasa. Kitambaa hakimalizi kazi, lakini kinapunguza mzigo.

Kama matope hayataki kuzama, wengi wetu tumezoea shabu, lile jiwe jeupe linalouzwa sokoni, ambalo mtu hulizungusha ndani ya ndoo mpaka uchafu uanze kugandana. Mlonge nao hufanya kazi hiyo. Chukua mbegu zilizokauka, zimenye, uzitwange ziwe unga: mbegu moja kwa lita moja ya maji yenye ukungu kidogo, mbili kama ni tope la mto wakati wa masika. Vuruga unga huo kwenye maji kidogo safi, chuja, mimina kwenye ndoo, koroga kwa kasi dakika moja au mbili, kisha polepole kama dakika kumi, halafu acha saa moja au mbili. Utaona mabonge yanashuka. Mbegu ya mlonge ina protini inayovuta chembe za udongo zishikamane mpaka ziwe nzito. Ila maji hayo yawe safi kiasi gani machoni, bado hayajawa ya kunywa. Tena yasikae zaidi ya siku moja, kwa sababu mabaki ya mbegu ni chakula cha vijidudu.

Wakazi wa pembezoni mwa Ziwa Victoria wana jambo la ziada. Vimelea vya kichocho vinavyotoka kwenye konokono haviwezi kuishi majini zaidi ya siku mbili bila kumpata binadamu. Maji ya ziwa yaliyolazwa kwenye chombo kilichofunikwa kwa saa 48, bila konokono ndani, hayatakupa kichocho hata ukiyaogea. Ndiyo faida ya utaratibu wa vyungu vitatu: cha leo, cha jana na cha juzi, unatumia cha juzi.

Turudi kwenye moto. Kuchemsha ndiyo njia inayoaminika kuliko zote, kwa kuwa joto halichagui: bakteria, virusi, minyoo, na hata vile vimelea vyenye ganda gumu ambavyo klorini haiviwezi. Lakini tumerithi ushauri mbaya wa kuchemsha dakika kumi, wengine ishirini. Hauna maana. Vijidudu vingi vinavyotuhangaisha vinakufa maji yakiwa hayajafika hata kutokota. Shirika la Afya Duniani linataka maji yafike kwenye mtokoto kamili, yale mapovu makubwa yanayopanda mfululizo hata ukikoroga. Yape dakika moja hapo, uzime. Wanaoishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kama Kitulo kwetu au Nyahururu kule Kenya, wangoje dakika tatu, maana huko maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100.

Nasisitiza dakika moja kwa sababu ya mfuko. Nilikaa nikapiga hesabu ya jikoni. Kupandisha lita 20 kutoka joto la kawaida la Dar es Salaam mpaka kutokota, kwa jiko la gesi linalopoteza nusu ya joto lake pembeni, kunakula zaidi kidogo ya robo kilo ya gesi. Familia ya watu saba wakinywa lita mbili kila mmoja ni lita 14 kwa siku. Zidisha kwa siku 30, utakuta mtungi mdogo wa kilo 6 umekaribia kwisha kwa maji ya kunywa tu, kabla hujapika hata chai. Kwa mkaa, kwenye jiko la kawaida, andaa karibu kilo moja kwa kila dumu. Sasa ongeza dakika ishirini za bure kila siku. Ndiyo maana ifikapo katikati ya mwezi nyumba nyingi huacha kuchemsha, kisha huanza tena baada ya mshahara. Mwili wa mtoto haujui tarehe za mshahara. Afadhali kuchemsha dakika moja siku zote 30 kuliko dakika ishirini kwa siku 15.

Funika sufuria, yatachemka upesi. Yakishachemka, yaache yapoe ndani ya sufuria hilo hilo, limefunikwa, usiyahamishe mpaka yapoe. Na hapa nitaje kosa ambalo nimelikuta nyumba nyingi, hata za wasomi: mtu ana kiu, maji bado ya moto, basi anachanganya na ya bomba "yapoe kidogo". Umerudisha ulichokitoa. Barafu ya kutoka dukani ni hivyo hivyo, isipokuwa unajua iligandishwa kwa maji gani. Watoto wakilalamika kwamba maji ya kuchemsha hayana ladha, wana haki, hewa imetoka. Yamimine kutoka jagi safi kwenda jagi jingine safi mara tatu nne, hewa itarudi. Yale yanayonuka moshi, tatizo ni mfuniko.

Kama gesi ni mzigo, kuna klorini. Vidonge vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa, WaterGuard au Aquatabs, vingi ni vya miligramu 67, navyo vimepimwa kwa lita 20 za maji yasiyo na tope. Soma pakiti, kwa kuwa vipo vidogo vya chombo kidogo na vikubwa vya pipa, na mwenye duka mara nyingine anakukatia viwili bila karatasi yake. Tia kidonge, funika, ngoja dakika 30 bila kunywa. Maji yenye ukungu hutaka viwili, lakini ni bora uyachuje kwanza. Kizuri cha klorini, ambacho moto hauna, ni kwamba sehemu yake hubaki majini ikilinda. Kama mkono mchafu utaponyoka ukaingia, kuna mlinzi ndani. Ndiyo sababu kwenye mlipuko, kama ule wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ukasambaa mikoa mingi, wahudumu wa afya hugawa vidonge nyumba kwa nyumba.

Malalamiko ni harufu. "Yananuka dawa," mama mkwe wangu alisema, akasukuma kikombe. Harufu ndogo baada ya nusu saa ni habari njema. Maana yake dawa imewamaliza vijidudu na bado inabaki. Harufu ya kukaba koo maana yake umezidisha, au umetia kidonge cha dumu kwenye jagi. Tia dawa jioni, unywe asubuhi, itakuwa imepungua. Usitumbukize kwenye maji ya moto. Usitumie dawa ya kufulia yenye manukato. Na mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na virusi vya Ukimwi ambaye hajatulia na dawa, achemshe, kwa kuwa kuna kimelea kiitwacho kriptosporidiamu kinachoogelea kwenye klorini bila wasiwasi.

Njia ya tatu haigharimu shilingi, na watu hawaiamini kwa sababu hiyo. Jaza maji maangavu kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, zile za soda au maji, zisizozidi lita mbili, toa karatasi yake, zilaze juu ya bati kuanzia asubuhi. Jua kali kwa muda wa saa sita linatosha. Kukiwa na mawingu yaliyofunika nusu ya anga au zaidi, acha siku mbili. Siku ya mvua mfululizo, sahau, chemsha. Kujua kama maji ni maangavu kiasi cha kutosha, simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti, uchungulie kwa juu kupitia mdomoni. Ukisoma kichwa cha habari, endelea. Usipokisoma, chuja kwanza. Mionzi ya jua na joto la bati kwa pamoja ndivyo vinavyoua. Wamasai wa Kajiado walishiriki jaribio la jambo hili, lililoandikwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1996: watoto wa kundi moja walikunywa maji ya chupa zilizoanikwa juu ya paa, wa kundi jingine maji ya chupa kama hizo zilizowekwa ndani, na walioanikiwa wakaharisha kidogo kuliko wenzao. Uzuri mwingine wa chupa ni kwamba maji hukaa humo humo mpaka yanywewe. Hakuna ndoo, hakuna kikombe cha kuzamisha. Chupa ikikwaruzika ikawa na ukungu, ibadilishe.

Machujio ya dukani ni soko la maneno mengi. Yale ya ndoo mbili yenye kitu cheupe cha kauri mfano wa mshumaa mnene huzuia bakteria vizuri, lakini virusi ni vidogo mno, vingine vitapita. Kauri ikianza kutoa maji polepole, itoe uisugue kwa mswaki laini chini ya maji safi, bila sabuni. Kisha uiangalie kwenye mwanga. Ufa mwembamba kama unywele umeigeuza kuwa pambo. Vichujio vya mkaa pekee huondoa harufu na ladha ya klorini, na kwa kufanya hivyo huondoa mlinzi wako, basi maji hayo yanywewe upesi. Mtanzania mwenzetu Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya uhandisi ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa chujio linalounganisha mchanga na vifaa vya nano, na jambo ninalolipenda katika wazo lake ni kwamba chujio hupangwa kulingana na uchafu wa mahali husika. Swali la kumuuliza muuzaji ni hilo hilo: chujio hili linaondoa nini, na maji ya kwangu yana nini?

Maana kuna maji ambayo kuchemsha hakuyafanyi kitu, au huyafanya mabaya zaidi. Ukichemsha, maji hupungua kwa mvuke, lakini kilichoyeyuka ndani hakiondoki. Maji ya kisima cha chumvi yatabaki ya chumvi, tena makali. Kisima kilicho karibu na choo cha shimo kinaweza kuwa na naitreti, ambayo ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, na moto hauiondoi. Kisima kikae angalau mita 30 kutoka chooni, tena upande wa juu wa mteremko.

Kuna pia madini ya floridi. Aliyepita njia ya Arusha kwenda Moshi amewaona watu wazima, wazuri wa sura, wakicheka huku mkono umefunika mdomo. Jina la Maji ya Chai, mji mdogo chini ya Mlima Meru, linatokana na rangi ya mto wake, na meno ya kahawia ya wenyeji wengi wa ukanda huo yanatokana na floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huko viko juu sana ya hapo. Kikizidi sana kwa miaka mingi, hupinda mifupa. Meno huharibikia ndani ya ufizi kabla hayajaota, kwa hiyo wa kulindwa kwanza ni mtoto chini ya miaka minane. Mpe maji ya mvua ya kunywa na ya kupikia. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kitaalamu hunasa floridi, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mashine za kuchuja kwa shinikizo huiondoa pia. Na magadi yanayowekwa kwenye maharage ili yaive upesi, mengi ya kaskazini yana floridi hiyo hiyo. Loweka maharage usiku, magadi uyaache.

Maji ya mvua nimeyataja, basi neno moja juu yake. Watu wa Lamu walijenga majabia ya kukinga mvua karne nyingi kabla ya simtanki. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 10, ni lita 400, ndoo 20 bila kumlipa mtu wa mkokoteni. Ila mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe paa: vumbi, mavi ya ndege, mijusi waliokufa. Kinga baada ya robo saa. Na bado utie dawa au uchemshe.

Wa bombani nao wasijione wamefika. Maji hutoka mtamboni yakiwa na klorini, lakini kukiwa na mgao, kama ule wa mwaka 2022 mto Ruvu ulipopungua, mabomba hukaa matupu, na bomba tupu lenye ufa huvuta ndani maji ya mtaro yanayolizunguka. Yakirudi, yale ya mwanzo yaache kwa kudekia na chooni.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji yoyote, hata ya kuchemsha, hata wakati wa joto la Februari. Maziwa ya mama yana maji yake. Hili tuliligombania nyumbani. "Mtoto ana kiu, mwanangu, mlambishe tu," mama mkwe alisema akiwa ameshika kijiko. Nilimjibu, "Mama, kiu hiyo ni yangu mimi, nipe mimi maji, yeye atayapata kwa njia yangu." Alicheka, akaninywesha glasi nzima.

Na kama pamoja na yote mtu ameharisha, maji yale yale yaliyotibiwa ndiyo dawa ya kwanza. Pakiti ya ORS, ile ya chumvichumvi, kwenye lita moja, na kwa mtoto vidonge vya zinki siku 10 mpaka 14. Kukikosekana pakiti usiku, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, vya kusawazisha, visiwe vya mlima, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mpe kidogo kidogo, hata akitapika. Ngoja dakika kumi, uanze tena. Onja kwanza: isizidi chumvi ya machozi. Damu kwenye choo, macho kuzama, kulegea, kushindwa kunywa, hapo usingoje kupambazuke.

Mwanangu alipona siku ya sita. Jioni ile mume wangu aliitoa stoo ile ndoo ya korona, akamwaga misumari, nami nikaisugua. Sasa iko juu ya stuli pembeni ya kabati la vyombo, na watoto wa jirani bado wanakuja na shikamoo zao, kila mmoja anakinga mwenyewe. Wiki iliyopita koki ilianza kudondosha, tone moja baada ya jingine, asubuhi tukakuta sakafu imelowa na ndoo imeshuka nusu. Nikadhani imekufa. Fundi wa mtaani aliifungua kwa vidole, akatoa mpira mmoja mdogo uliokakamaa, akaweka mwingine. Alininunulisha miwili. Wa pili nimeufunga kwa uzi kwenye mpini wa ndoo.